Khedive Ismail wa Misri (1830–1895)

Ismail alizaliwa Cairo mwaka 1830. Alikuwa mjukuu wa Muhammad Ali, akasoma Paris, na mwaka 1863 akashika utawala wa Misri chini ya Sultani wa Uturuki. Alianza kwa bahati. Vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani (1861–1865) vilizuia pamba ya huko kufika Uingereza, hivyo pamba ya Misri ikapanda bei mara kadhaa. Kwa kutegemea mapato hayo, Ismail alikopa Ulaya akajenga reli, madaraja, shule na mifereji ya umwagiliaji. Vita vilipokwisha bei ilianguka. Mikopo na riba zake vilibaki.

Hapa watahiniwa wengi hupoteza alama: hutaja Mfereji wa Suez, uliofunguliwa Novemba 1869, wakaishia hapo. Wewe fuata deni. Mwaka 1871 serikali iliwaruhusu wenye mashamba kulipa kodi ya miaka sita mapema ili wapunguziwe nusu ya kodi daima. Yaani iliuza mapato ya kesho. Mwaka 1875 Ismail aliiuzia Uingereza hisa zake za mfereji kwa takriban pauni milioni 4. Hazikutosha. Na bado, mwishoni mwa mwaka huohuo alituma kikosi kuteka Barawa na Kismayu, miji ya Sultani Barghash wa Zanzibar, kisha akakirudisha kwa shinikizo la Uingereza.

Mwaka 1876 alishindwa kulipa. Ikaundwa Tume ya Deni la Umma, yenye wajumbe wa Ulaya, iliyopokea sehemu ya kodi moja kwa moja kwa ajili ya wadai. Wasimamizi wawili, Mwingereza na Mfaransa, wakashika mapato na matumizi. Mwaka 1878 Mwingereza akawa waziri wa fedha. Maofisa wa jeshi waliowekwa kwenye nusu mshahara waliandamana Februari 1879. Baraza la wajumbe, ambalo Ismail aliliunda mwaka 1866 na ambalo kwa miaka mingi liliitikia tu, sasa lilikataa kuvunjwa. Ismail akaegemea upande wao, akawafukuza mawaziri wageni. Juni 1879 Sultani, akisukumwa na Uingereza na Ufaransa, alimwondoa na kumweka mwanawe Tawfiq.

Hasira za maofisa hazikuondoka naye. Zilizaa vuguvugu la Urabi, na mwaka 1882 Uingereza ikaivamia Misri. Ismail alifia uhamishoni Istanbul mwaka 1895. Tume ya Deni iliendelea hadi mwaka 1940.