Monge na udongo wake

Gaspard Monge, mtoto wa mchuuzi wa Beaune, Ufaransa, alizaliwa 1746. Mwaka 1781 aliuliza jinsi ya kuhamisha udongo toka shimoni hadi panapojazwa kwa gharama ndogo kabisa. Mimi wa isimu nilimfahamu nikihangaika na sampuli za lugha: kwa gharama hiyohiyo wanahisabati hupima umbali kati ya sampuli nasibu na mtawanyo halisi. Juu ya tufe, kupunguza kosa nusu hudai sampuli mara nne hivi. Katika nafasi ya vipimo vitatu, mara nane. Mpindo haubadilishi kasi hiyo. Mwaka 1816, ufalme uliporudi, alifukuzwa Akademia. Alipofariki 1818, wanafunzi wa École Polytechnique, shule aliyoshiriki kuianzisha, walikatazwa kumzika.