Bibi Rachel Carson na Dawa za Wadudu

Hapa kwetu Genkuru hakuna mkulima asiyelijua bomba la kunyunyizia dawa. Kahawa hunyunyiziwa. Mahindi huchanganywa na dawa ya unga kabla ya kuwekwa ghalani. Ng'ombe huogeshwa ili kuua kupe. Dawa hizi zimetusaidia sana. Lakini dawa inayoua mdudu inaweza pia kuua kuku, nyuki, samaki na hata mtoto. Mtu aliyelieleza jambo hili mpaka watu wa kawaida wakalielewa alikuwa mwanamke wa Marekani, jina lake Rachel Carson. Leo tusome habari za maisha yake.

Rachel alizaliwa tarehe 27 Mei, 1907, katika mji mdogo wa Springdale, jimbo la Pennsylvania. Alikuwa kitinda mimba katika watoto watatu. Wazazi wake hawakuwa matajiri. Walikuwa na shamba lenye miti ya matunda na mifugo michache. Mama yake, Bibi Maria, aliwahi kuwa mwalimu. Alikuwa akitembea na binti yake porini na kumfundisha majina ya ndege, wadudu na maua. Rachel alipenda pia kuandika. Alipokuwa na miaka 11 hadithi yake ilichapishwa katika gazeti la watoto.

Alipoingia chuoni mwaka 1925 alitaka kuwa mwandishi. Baadaye akabadili masomo akasoma elimu ya viumbe. Mwaka 1932 akapata shahada ya pili. Kisha shida zikaanza. Baba yake alifariki mwaka 1935, na dada yake mwaka 1937 akaacha watoto wawili. Rachel hakuwa ameolewa. Yeye na mama yake wakawalea watoto hao kwa mshahara wake mmoja. Alikuwa ameajiriwa katika idara ya serikali ya uvuvi, na kazi yake ilikuwa kuandika habari za samaki na bahari.

Mwaka 1951 alitoa kitabu kuhusu bahari. Kilinunuliwa na watu wengi mno, hata mwaka uliofuata akaacha kazi ya serikali ili aandike tu.

Sasa tugeuke kidogo tutazame dawa yenyewe. Mwaka 1939 Bwana Paul Müller wa Uswisi aligundua kwamba DDT huua wadudu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika mji wa Naples, Italia, ulizuka ugonjwa wa homa unaoenezwa na chawa. Watu zaidi ya milioni moja walipuliziwa unga wa DDT, na ugonjwa ukakoma. Müller alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Hata huku kwetu dawa za jamii hiyo zilifanya kazi kubwa. Kuanzia mwaka 1955 hadi 1959 nyumba za Upare na Taveta zilinyunyiziwa dieldrini, ambayo ni ndugu wa DDT, na malaria ikapungua sana. Kwa hiyo tusishangae kwamba watu waliziona dawa hizi kama baraka tupu. Walizimwaga kila mahali, hata kwa ndege za angani.

Rachel alianza kuwa na wasiwasi mapema. Mwaka 1945 aliomba gazeti moja limruhusu aandike kuhusu DDT. Likakataa. Mwaka 1958 rafiki yake alimletea habari kwamba ndege ya serikali ilinyunyiza dawa ya mbu juu ya kijiji chao, na ndege wa porini wakafa uani kwake. Rachel akaamua kulichunguza jambo hilo mpaka mwisho.

Mfano mmoja aliouandika unatufaa sisi tunaoishi karibu na Mto Mara na Ziwa Viktoria. Huko California kuna ziwa liitwalo Clear Lake. Mbu wadogo wasiouma walikuwa wakiwasumbua wavuvi. Mwaka 1949 ziwa likatiwa dawa inayofanana na DDT. Kipimo kilikuwa kidogo mno: sehemu 1 ya dawa katika sehemu milioni 70 za maji. Mbu wakapungua, kisha wakarudi. Dawa ikatiwa tena mwaka 1954 na 1957. Basi ndege waitwao vibisi, wanaopiga mbizi kutafuta samaki, wakaanza kufa. Wataalamu walipopima mafuta ya miili yao walikuta dawa nyingi kuliko ile iliyokuwa majini, kwa maelfu ya mara. Ilifikaje humo? Viumbe vidogo vya majini viliinywa dawa. Samaki wadogo wakala viumbe hivyo, samaki wakubwa wakala wadogo, na ndege wakala samaki. Kila anayekula alirithi sumu ya wote aliowala. Na binadamu naye hula samaki.

Rachel alieleza pia kwamba dawa hazifanani. Jamii ya DDT, dieldrini na endosulfani hukaa miaka mingi ardhini na katika mafuta ya mwili. Jamii ya organofosfeti, kama parathioni, haikai sana, lakini hushika mishipa ya fahamu upesi. Mtu hutokwa jasho na mate mengi, mboni za macho husinyaa, misuli hutetemeka, na pumzi inaweza kukatika. Huyo avuliwe nguo zilizolowa dawa, aoshwe kwa maji na sabuni, akimbizwe hospitali, na chupa ya dawa ichukuliwe ili daktari aisome. Karbameti hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Dawa ya jamii hii ikitiwa kwenye mzoga, simba, fisi na tai hufa pamoja. Hata pareto, inayolimwa Mbeya na Iringa, haina madhara makubwa kwa mtu, lakini dawa za viwandani zilizoigwa kutoka kwake huua samaki na nyuki. Mimi huwaambia wanakisomo watazame utepe wa rangi chini ya karatasi ya chupa. Mwekundu ndio mkali kuliko yote.

Wakati akiandika, mama yake alifariki. Alikuwa pia amemchukua Roger, mjukuu wa marehemu dada yake, mtoto wa miaka mitano aliyefiwa na mama yake. Mwaka 1960 Rachel mwenyewe akapatikana na kansa ya titi. Aliwaficha watu ugonjwa huo, akaendelea kuandika.

Kitabu kilitoka Septemba 1962. Kinaitwa Silent Spring. Hebu fikiri masika imefika, majani yamechipua, na hakuna ndege hata mmoja anayelia. Hiyo ndiyo maana ya jina hilo. Kampuni za kemikali zilimshambulia. Wengine walidai anataka wadudu na maradhi yatawale dunia. Hilo halikuwa kweli. Yeye alitaka dawa zitumiwe kwa uangalifu, na alionya kwamba dawa ikimwagwa ovyo wadudu huizoea, kisha haiwaui tena. Rais Kennedy aliwaagiza wataalamu wake wachunguze, na Mei 1963 wakakubaliana naye kwa mengi. Mwezi uliofuata Rachel alikwenda mbele ya wajumbe wa Baraza la Senati kutoa maelezo, akiwa mgonjwa sana.

Alifariki tarehe 14 Aprili, 1964, akiwa na miaka 56. Roger alikuwa na miaka 12.

Marekani ilipiga marufuku DDT mashambani mwaka 1972. Mwaka 2001 mataifa yalitia sahihi mkataba huko Stockholm wa kukomesha dieldrini na nyingine za jamii hiyo, na Tanzania nayo imo. Endosulfani, iliyozoeleka kwenye pamba na kahawa, iliongezwa mwaka 2011. DDT iliachiwa njia moja tu: kuua wadudu wanaoeneza maradhi, hasa kwa kunyunyizia kuta za ndani ya nyumba dhidi ya mbu wa malaria. Hairuhusiwi kutiwa shambani, wala katika maji. Lakini mwaka 1999 Ulaya iliacha kwa miezi kadhaa kununua samaki wa Ziwa Viktoria, kwa sababu wavuvi wengine walikuwa wakimwaga dawa za mashambani ziwani ili samaki waelee.