Stanley Aliyevuka Mbuga ya Mkata

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Dodoma, kabla hajafika Dumila, huiona mbuga ya Mkata imelala upande wake wa kushoto hadi chini ya milima ya Usagara. Wakati wa kiangazi ni mahali pa kupita tu. Wakati wa mvua ni habari nyingine: Januari 2014 maji yaliikata barabara kuu hapo Dumila, na safari zikakoma. Katika mbuga hiyo, masika ya mwaka 1871, alikwama matopeni mtu ambaye kila mtoto wa shule hulisoma jina lake pamoja na jina la Dakta Livingstone. Watu humjua Henry Morton Stanley kwa safari ile moja. Ni wachache wajuao alitoka wapi, na wachache zaidi wajuao ni wapi alikoiona kwanza kazi aliyokuja kuifanya baadaye katika Kongo.

Hakuzaliwa Stanley. Alizaliwa Denbigh, katika nchi ya Wales, tarehe 28 Januari 1841, akaitwa John Rowlands. Mama yake hakuwa ameolewa, wala hakumlea. Babu yake alipofariki, mtoto aliwekwa kwa watu kwa malipo. Na malipo yalipokoma, Februari 1847, akapelekwa katika nyumba ya maskini ya St Asaph, huku akidanganywa kwamba anapelekwa kwa shangazi. Alikuwa na umri wa miaka sita, naye akakaa humo miaka tisa. Wasomaji walio wazazi watajua jambo la namna hii humfanya nini mtoto. Tangu hapo maisha yake yote aliona haya kwa asili yake, akaifunika kwa uongo mwingi, hata wanahistoria wanahangaika mpaka leo kutenga kweli na hadithi.

Mwishoni mwa 1858 aliajiriwa katika meli iendayo Marekani, akaitoroka ilipofika New Orleans. Huko alilichukua jina la tajiri mmoja wa pamba, Henry Hope Stanley, akidai kwamba tajiri huyo alimfanya mwanawe. Wachunguzi wengi wa siku hizi hawaisadiki habari hiyo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, akaingia jeshi la Kusini lililopigania utumwa. Alitekwa katika mapigano ya Shiloh, Aprili 1862, na ili atoke katika kambi ya mateka ya Chicago akavaa sare ya Kaskazini. Baadaye akawa mwanamaji wa Kaskazini, kisha mnamo 1865 akatoroka. Alivaa sare za pande zote mbili, wala hapana hata moja aliyoivaa mpaka mwisho.

Vita vilipokwisha, watu weusi wapatao milioni nne walikuwa wametoka utumwani. Huko Kusini walianza kupiga kura na kuchaguliwa, mpaka mwaka 1877 serikali ilipoondoa askari waliowalinda, na haki zao nyingi zikapokonywa. Kaskazini viwanda vilikuwa vikipanuka mbio, na reli zikasukumwa kuelekea magharibi, katika nchi za wenyeji wa asili, ambao vitabu vya zamani huwaita Wahindi Wekundu. Stanley, sasa mwandishi wa gazeti la St. Louis, alitumwa huko kupeleka habari.

Hapa ndipo penye mambo. Oktoba 1867, kando ya kijito cha Medicine Lodge katika Kansas, wajumbe wa serikali walikutana na maelfu ya Wakiowa, Wakomanchi, Waarapaho na Wacheyenne. Palikuwa na zawadi, vyakula, wakalimani na hotuba. Wakuu wao walieleza kwamba hawataki nyumba wala mashamba, bali nchi yao na nyati wao. Kisha wakatia alama zao katika hati wasizoweza kuzisoma. Kwa hati hizo walihamishiwa katika sehemu ndogo ya nchi, wakaahidi kutoipinga reli, na kwa malipo kila mwanamume angepewa mavazi kila mwaka kwa miaka 30. Stanley alikaa pale na daftari lake, akayaandika yote. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Mwaka uliofuata alihamia gazeti la New York Herald, na mwenye gazeti, James Gordon Bennett mdogo, akamtuma kumtafuta Livingstone. Alifika Unguja Januari 1871. Marekani haikuwa ngeni huko: Sayyid Said alikuwa amefanya mkataba nayo tangu 1833, na wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, waliijaza pwani bafta ya viwanda vyao, ndiyo merikani waliyoijua babu zetu. Barani merikani ilikuwa fedha. Stanley alinunua marobota na marobota, pamoja na kaniki, shanga na masango, kwa kuwa bila vitu hivyo hakuna chakula, hakuna njia, na hongo haitoki. Kabla ya kuondoka alikula mezani pa mapadre wa Bagamoyo, ambao tangu 1868 walikuwa wakiwalea watoto waliokombolewa utumwani.

Alitoka Bagamoyo mwezi Machi, na watu wapatao 190 katika misafara mitano. Alipita Simbamwene, mji wenye ukuta uliojengwa na Kisabengo mahali ulipo Morogoro wa leo, akauona kuwa mji mzuri ajabu, na binti wa Kisabengo akiutawala. Kisha Mkata. Mvua ilinyesha mfululizo. Maji yaliwafika watu magotini, kisha kiunoni. Punda walizama matopeni, mizigo ikaloa, na mbwa wake akafa kwa taabu za pale. Mwenyewe alishikwa na tumbo la kuhara damu. Waliochoka aliwachapa kiboko, na katika kitabu chake hakuona aibu kulisema. Wapagazi wale, wengi wao Wanyamwezi na waungwana wa Unguja, walivuka na mzigo kichwani, naye juu ya punda wake akivuka nao. Wazungu wawili aliowaajiri walikufa wote kabla ya safari kwisha.

Habari za Ujiji, mwishoni mwa 1871, zinajulikana. Hata ile salamu mashuhuri, wako wasiosadiki kwamba ilitamkwa. Aliporudi kwa njia ile ile Aprili 1872, alikuta mafuriko yamesomba sehemu ya ukuta wa Simbamwene.

Safari ya pili, 1874 mpaka 1877, ilivuka Afrika yote. Waliondoka Bagamoyo watu wapatao 356. Waliofika Boma, karibu na bahari ya magharibi, hawakutimia 120. Wengine walikufa, wengine walitoroka. Bumbire, katika ziwa la Viktoria Nyanza, aliwapiga risasi wenyeji kwa kisasi, hata magazeti ya Ulaya yakamlaumu. Kalulu, mtoto aliyepewa Tabora, akampeleka Uingereza na kumtia shule, alizama katika maporomoko ya Kongo. Stanley alilia, akayapa maporomoko yale jina la mtoto. Sisi hatuoni sababu ya kuukana uchungu ule. Lakini ni yeye aliyemrudisha mtoto katika mto ule.

Tangu 1879 akawa mtumishi wa Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Alipasua majabali na kufanya barabara, watu wakamwita Bula Matari, mvunja mawe. Pamoja na barabara zikaja hati. Mamia ya wakuu wa Kongo walitia alama. Katika hati moja ya Aprili 1884, wakuu wa Ngombi na Mafela waliitoa nchi na enzi yake yote, pamoja na kazi ya watu wao, kwa kipande cha nguo kila mwezi. Wako wanaomtetea Stanley, wakisema hati alizofanya mwenyewe zilikuwa nyepesi zaidi, na mfalme akazigeuza. Huenda. Lakini mtu aliyekaa Medicine Lodge hakuweza kusema kwamba hajui hati ya namna ile huishia wapi.

Mwezi huo huo Marekani ikawa ya kwanza kuitambua bendera ya Leopold. Aliyelipigania jambo hilo katika Seneti ni John Tyler Morgan wa Alabama, zamani jenerali wa Kusini, aliyetumaini kuwahamishia Kongo watu weusi wa nchi yake. Mkutano wa Berlin ulipofunguliwa Novemba 1884, Stanley alikaa upande wa wajumbe wa Marekani, ingawa uraia wa huko aliupata mwaka 1885 tu. Aliyesema wazi alikuwa Mmarekani mweusi, George Washington Williams, askari wa zamani wa Kaskazini na mjumbe wa zamani wa bunge la Ohio. Mwaka 1890 alifika Kongo, akamwandikia Leopold barua ya wazi juu ya hila, viboko na mauaji, na jinsi wenyeji walivyolitetemekea jina la Stanley. Alifariki mwaka uliofuata, na barua ikasahauliwa kwa muda mrefu.

Baada ya safari ya kumtoa Emin Pasha, iliyoishia Bagamoyo Desemba 1889, Stanley alioa, akarudia uraia wa Uingereza, akaingia bungeni mwaka 1895, na mwaka 1899 akapewa cheo cha heshima. Yeye na mkewe hawakupata mtoto. Mwaka 1896 wakamchukua mtoto mchanga wa Wales wakamlea kama mwana wao.

Mwaka 1898 Marekani iliishinda Hispania, ikachukua Filipino, Puerto Rico na Guam. Maofisa wengi waliopelekwa Filipino walikuwa wamepigana zamani na wenyeji wa mbuga za magharibi. Januari 1903 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Bunge laweza kuuvunja mkataba wa Medicine Lodge bila ridhaa ya Wakiowa na Wakomanchi. Februari 1904 ikatangazwa taarifa ya Roger Casement juu ya mpira wa Kongo, vijiji vilivyohamwa na mikono iliyokatwa. Stanley, aliyekuwa amepooza, alikufa London tarehe 10 Mei 1904. Alitaka kuzikwa karibu na Livingstone katika Westminster Abbey. Mkuu wa kanisa lile akakataa. Alizikwa kijijini Pirbright, chini ya jiwe kubwa lililoandikwa jina lake, Bula Matari, miaka yake, na neno Afrika. Jina la John Rowlands halimo.