Anton Makarenko, Mwalimu wa Vijana Walioshindikana

Mwaka huu nimepewa nafasi ya kuandika katika sehemu yetu ya Kiswahili, nami nimeona nisiandike habari za mfalme wala jemadari. Nitaandika habari za mwalimu. Kabla sijafika kwake, yanipasa niungame neno moja, maana bila neno hilo nisingalikuwa na sababu ya kumtafuta mtu huyu.

Nilipokuwa kidato cha pili, aliletwa bwenini kwetu mvulana aliyefukuzwa shule nyingine kwa wizi. Hakuna aliyetakiwa kuijua habari hiyo, lakini mimi niliisikia kwa mtu, na kabla ya kengele ya kulala nilikuwa nimekwisha kuieneza kitanda hata kitanda. Tangu siku hiyo kila kilichopotea, sabuni au kalamu, aliulizwa yeye kwanza. Aligombana na watu, akawapiga, akaacha kusoma, na muhula haukwisha akaondoka. Vitu vikaendelea kupotea. Nimekuwa nikiyafikiri mambo hayo mara nyingi, hasa tangu nilipofanywa kiranja. Basi mwaka jana, katika maktaba, niliyasoma maisha ya Anton Makarenko, nikaona kwamba jambo nililolifanya mimi ndilo alilolikataa yeye tangu mwanzo wa kazi yake.

Anton Semyonovich Makarenko alizaliwa mwezi wa Machi mwaka 1888 katika mji mdogo wa Belopolye, katika nchi ya Ukraini, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Baba yake alikuwa mpaka rangi katika karakana za reli. Hakuwa tajiri, lakini alitaka mwanawe asome. Mtoto mwenyewe alikuwa dhaifu wa mwili, na macho yake hayakuona mbali, hata ikambidi kuvaa miwani. Baadaye jamaa hao walihamia Kryukov, ng'ambo ya mto Dnieper mkabala wa mji wa Kremenchuk, na huko Anton akamaliza masomo yake ya shule na mwaka mmoja wa mafunzo ya ualimu. Mwaka 1905, akiwa na umri wa miaka 17, alianza kufundisha watoto wa wafanyakazi wa reli. Tazameni basi: alikuwa mdogo kuliko mimi ninayeandika haya! Akafundisha miaka tisa, kisha akarudi darasani katika Chuo cha Walimu cha Poltava, akahitimu mwaka 1917 na kupewa medali ya dhahabu.

Sasa hapana budi tuitazame nchi ilivyokuwa. Vita Kuu ilikuwa imeanza mwaka 1914. Mwaka 1917 mfalme aliangushwa, wakafuata wenyewe kwa wenyewe kupigana, na mwaka 1921 ikaja njaa kuu. Baba walikufa vitani, mama walikufa kwa njaa na homa ya chawa, na watoto kwa mamilioni wakabaki barabarani. Walilala katika stesheni na chini ya madaraja, wakasafiri kwa kujificha katika magari ya moshi, wakaishi kwa kuomba na kuiba; na wakubwa wao wengine walishika silaha, wakawa wanyang'anyi. Wahenga wetu walisema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Watoto hawa ulimwengu ulikuwa umewafunza mafunzo mabaya sana, wala si kwa kosa lao.

Mwaka 1920 Makarenko aliitwa na wakuu wa elimu wa Poltava, akapewa kazi ya kuanzisha shule ya maadilisho kwa vijana waliovunja sheria. Mahali penyewe palikuwa kilomita chache nje ya mji, katika msitu wa misonobari. Zamani palikuwa na nyumba za kufungia watoto wahalifu, lakini watu walikuwa wamebomoa na kuchukua kila kitu, hata madirisha. Alikwenda huko na walimu wachache mno, na mwezi wa Desemba, wakati wa theluji, wakaletwa vijana wa kwanza sita.

Vijana hao walikuwa na adabu ya kumsalimu mwalimu, basi, hawakuwa na zaidi. Hawakufanya kazi yo yote. Usiku walitoka kwenda kunyang'anya watu njiani, mchana walilala. Makarenko alisoma vitabu vya malezi majira yale yote ya baridi, asione humo dawa ya mambo yaliyokuwa mbele yake. Siku moja alimwambia mmoja wao akakate kuni za jikoni, naye akajibiwa kwa dharau. Uvumilivu ukamwisha, akampiga kijana yule usoni. Kijana alikuwa mrefu na mwenye nguvu kumshinda mwalimu wake, tena alikuwa na wenzake. Angalitaka, angalimwumiza vibaya. Lakini hakumrudishia. Wote walichukua mashoka wakaenda msituni, na mwalimu akaenda nao, akakata miti pamoja nao.

Yako mambo mawili ambayo yafaa tuyaangalie hapa, maana watu wengine wakisoma habari hii husema kwamba dawa ilikuwa kofi. Makarenko mwenyewe, alipoiandika baadaye, hakulisifu kofi lile. Aliliona kuwa ni kushindwa kwake, jambo la kumwaibisha mwalimu. Vijana, kwa maelezo yake, waliona kitu kingine: mtu aliyejitia katika hatari kwa ajili yao, ambaye angaliweza kuita polisi au kuwarudisha gerezani, lakini hakufanya hivyo, bali alishika shoka akafanya kazi nao. Mimi naamini kwamba shoka ndilo lililowageuza.

Shule ilipewa jina la Maxim Gorky, mwandishi mkubwa wa Urusi, ambaye naye alifiwa na baba akiwa mdogo na kuanza kibarua akiwa mtoto. Vijana walimpenda kwa sababu waliona maisha yake yafanana na yao. Mwaka 1925 walianza kumwandikia barua huko Italia alikokuwa akikaa, naye akawajibu. Na mwaka 1928 alikuja kuwatembelea.

Sasa nifike kwenye jambo lililonichoma moyo. Kila kijana aliyeletwa alikuja na karatasi zake: aliiba nini, alimpiga nani, alifungwa wapi. Makarenko alikata shauri kutozifuata karatasi hizo, wala hakuruhusu watu kumwuliza mgeni habari za maisha yake ya nyuma. Aliyepita mlangoni alihesabiwa kuwa ameanza siku hiyo.

Alikuwako kijana jina lake Semyon Kalabalin, aliyekuwa gerezani kwa unyang'anyi. Makarenko alikwenda kumtoa yeye mwenyewe. Wakiwa ofisini kwa mkuu wa gereza, alimwomba kijana atoke nje kidogo. Kalabalin hakufahamu kwa nini, na miaka mingi ilipita kabla hajaambiwa: mwalimu alikuwa anatia sahihi hati ya kumpokea, kama mtu apokeavyo mzigo, naye hakutaka kijana aione hati hiyo na kujiona mzigo.

Baadaye Makarenko alimtuma Kalabalin huyo huyo mjini, peke yake, amepanda farasi, akachukue fedha za shule, rubo 500. Alipozileta, mwalimu alizipokea bila kuzihesabu. Kisha akamtuma tena, safari hii rubo 2,000. Kijana alisumbuka sana moyoni, maana hakuzoea kuaminiwa; alitaka zihesabiwe mbele yake, mwalimu akakataa. Enyi wenzangu, tufikiri kidogo. Mwizi akihesabiwa fedha kila mara, atakuwa na sababu gani ya kuacha wizi? Amekwisha kuambiwa yeye ni nani.

Lakini msidhani kwamba mtu huyu alikuwa mpole tu wa kusamehe kila kitu. Kanuni yake ilikuwa kumtaka kijana mambo mengi kadiri iwezekanavyo, na wakati huo huo kumheshimu kadiri iwezekanavyo; kwake hayo mawili yalikuwa jambo moja. Vijana waligawanywa katika vikosi, kila kikosi na kiongozi wake, na viongozi walikaa pamoja katika baraza na kuamua mambo ya shule. Tena palikuwa na vikosi vya muda, vilivyoundwa kwa kazi moja tu, kama kupanda viazi au kutengeneza ghala, na kazi ikiisha kikosi huvunjwa. Kwa hiyo aliyekuwa kiongozi leo, kesho alikuwa chini ya yule aliyemwamuru jana. Nasi viranja, ambao tukivikwa beji hudhani tumezaliwa nayo, nadhani twaweza kujifunza hapo.

Mwaka 1926 alijaribiwa kwa jambo kubwa zaidi. Aliombwa aiokoe shule nyingine ya namna hiyo huko Kuryazh, katika nyumba za watawa za zamani karibu na mji wa Kharkiv. Palikuwa na watoto 280 hivi, wachafu, wenye njaa, wakiibiana na kupigana. Makarenko alihamia na vijana wake wapatao 120, wakafika kwa gwaride na tarumbeta. Hawakuwahubiria wenzao. Wakawanyoa nywele, wakawapa nguo safi, wakayakusanya matambara yao yote uwanjani na kuyachoma moto, kisha wakala pamoja na kuanza kazi. Mambo yaliyokuwa yameharibika kwa miaka yaligeuka kwa siku chache, kwa sababu watoto wale hawakugeuzwa na mwalimu mmoja. Waligeuzwa na vijana wenzao ambao jana walikuwa kama wao.

Sifa zilimletea maadui. Wakuu wa elimu wengi walisema kwamba vikosi vyake na tarumbeta zake ni mambo ya jeshi, si ya shule. Mwaka 1928 akaiacha shule ya Gorky. Lakini tangu mwaka 1927 alikuwa amekwisha kuanza nyingine huko Kharkiv, iliyoitwa kwa jina la Dzerzhinsky. Haki yatudai tuseme kwamba shule hii ilijengwa na polisi wa siri wa serikali ya Kisovyeti, na Dzerzhinsky alikuwa mkuu wao wa kwanza, watu waliotisha na kuua wengi. Ni jambo la kushangaza kwamba mikono hiyo hiyo ilijenga nyumba ya kuwaokoa watoto, nami sioni vema kulificha.

Katika shule hiyo vijana walisoma sehemu ya siku, na sehemu nyingine walifanya kazi ya ufundi kwa mshahara. Walianza na useremala na kutengeneza viti. Mwaka 1932 walianza kuunda keekee za umeme, na mwaka 1934 kamera zilizoitwa FED, zilizoundwa kwa mfano wa kamera za Leica za Ujerumani. Fikirini, ndugu: kazi inayotaka vipimo vya sehemu ndogo sana za milimita, mikononi mwa watoto walioitwa wezi! Wakati wa likizo walisafiri wote pamoja, na bendi yao mbele, mpaka Moscow, Krimea na Kaukazi. Makarenko aliamini kwamba mtu hawezi kuishi kama hana furaha ya kesho ya kutazamia, na kazi ya mlezi ni kuiweka furaha hiyo mbele yake.

Mwaka 1935 alihamishiwa Kyiv, na mwaka 1937 akaenda kukaa Moscow na mkewe Galina, akaandika vitabu. Kitabu chake mashuhuri, kinachosimulia habari za shule ya Gorky kwa namna ya hadithi, kilikuwa kimekwisha kutoka kati ya mwaka 1933 na 1935. Tarehe 1 Aprili 1939 moyo wake ulisimama ghafula akiwa ndani ya gari la moshi katika stesheni ya Golitsyno, karibu na Moscow. Alikuwa na umri wa miaka 51. Mtoto wa mpaka rangi wa reli alifia katika reli.

Na Kalabalin je? Yule mnyang'anyi alisoma, akawa mwalimu, akaongoza nyumba za watoto wa namna hiyo hiyo. Msiba mkubwa ulimpata: mwanawe mdogo aliuawa na mmoja wa wale aliokuwa akiwalea. Watu wangalielewa kama angaliiacha kazi hiyo. Hakuiacha. Aliendelea nayo karibu mpaka kufa kwake mwaka 1972. Mimi siwezi kusema kama ningaliweza kufanya hivyo, wala sidhani ye yote kati yetu ajua mpaka yamfike.

Nimalizie kwetu. Mwanzoni mwa muhula huu aliletwa kijana bwenini kwangu, na barua yake ilitangulia. Mwalimu wa bweni aliniuliza kama nataka kuisoma. Nilisema hapana, nikamwomba idhini ya kumpa kijana huyo ufunguo wa ghala la majembe. Nakiri kwamba juma la kwanza nilikwenda kuyahesabu usiku kwa siri, kwa hiyo mimi si Makarenko. Sasa nimeacha. Mpaka naandika haya majembe yote yapo, isipokuwa moja lililovunjika mpini, na aliyekuja kuniarifu kwamba amelivunja ni yeye mwenyewe.

Yule wa kwanza sijui yuko wapi. Kama mmoja wenu, wakubwa zetu, alisoma naye na anajua aliko, namwomba amfikishie gazeti hili.