Karamojo Bell: Mwindaji aliyeamini shabaha kuliko ubavu

UKIKAA kijiweni pale Samuye, Shinyanga Vijijini, jioni ya siku ambayo Ligi Kuu imechezwa, hukosi kusikia ubishi huu. Straika mwenye shuti la kuvunja mlingoti na straika anayeweka mpira kidogo tu pembeni mwa kipa, nani bora?

Vijana wanampenda wa shuti kali. Wazee wanacheka, wanasema wavu hautikisiki kwa kelele.

Leo tuwape wazee shahidi wao. Hakucheza mpira. Alikuwa mwindaji, Mskoti, jina lake Walter Dalrymple Maitland Bell, ambaye dunia ilimjua kama Karamojo Bell. Alifariki mwaka 1954, lakini ubishi aliouacha kwa watu wa bunduki unafanana kabisa na huu wa kwetu.

Bell alizaliwa mwaka 1880 karibu na mji wa Edinburgh. Wazazi wote wawili walifariki akiwa mtoto mdogo, akalelewa na kaka zake. Shule ilimshinda. Akiwa na miaka 13 tu alikimbilia baharini.

Alipofika miaka 16 alikuwa tayari Afrika Mashariki, akiwinda simba waliokuwa wakitishia wajenzi wa reli ya Uganda. Baadaye akaenda Canada wakati watu wanagombania dhahabu ya Klondike, kama inavyokuwa Geita mtu akisikia mgodi mpya umefumuka. Yeye hakuchimba, aliwinda nyama ya kuwauzia wachimbaji. Kisha akapigana Vita vya Makaburu kule Afrika Kusini.

Mwaka 1902 akarudi Afrika Mashariki na shabaha moja: pembe za tembo. Akaelekea Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Jina likaanzia huko.

SASA TWENDE KWENYE BUNDUKI

Enzi hizo mwindaji wa tembo aliyejiheshimu alibeba mzinga. Kulikuwa na bunduki za mitutu miwili zenye uzito wa kilo 5 hadi 6, na kubwa kati yake, ile ya .577, ilitupa kichwa cha risasi chenye gramu 48. Ukifyatua, bega linalia, na tembo wa kijiji cha pili wanakimbia.

Bell alizijaribu bunduki kubwa, akajaribu na ndogo. Mwishowe moyo wake ukaangukia kwenye bunduki nyepesi ya .275 ya fundi Rigby wa London, ambayo risasi yake ni ileile ya Mauser ya milimita 7. Kichwa chake kilikuwa na gramu 11 na ushee. Yaani chini ya robo ya lile dubwana.

Watu walimwona kichaa. Tembo dume ana tani 5 au 6, wewe unamwendea na kitu cha kuwindia swala?

Lakini jamaa alikuwa amefanya kazi yake ya mazoezi kabla ya mechi. Alichukua fuvu la tembo akalipasua kwa msumeno kwa urefu wake, ili aone ubongo umekaa wapi. Akagundua kwamba sehemu kubwa ya lile kichwa ni mfupa wenye matundu ya hewa kama sega la nyuki. Ubongo wenyewe una kilo kama 5 hivi, ukubwa unaokaribia mpira wa miguu, na umejificha nyuma na chini, usawa wa matundu ya masikio.

Hapo hesabu ikabadilika. Goli lilikuwa dogo, na risasi kubwa ikilikosa haisaidii kitu. Akajifunza kulifikia kutoka mbele, ubavuni, hata kwa kutokea nyuma kwa mshazari, pigo ambalo mpaka leo wawindaji wanaliita kwa jina lake.

Kilichobaki ni kupata risasi ya kufika pale. Risasi ya kichwa laini hufunguka ikigusa mfupa, inaishia njiani. Bell akachagua yenye ganda gumu la chuma mwili mzima, ndefu, nyembamba na yenye ncha ya duara. Hiyo inapenya bila kupinda.

RISASI ISIYOAMINIKA NI YA KUPIGIA NDEGE

Halafu kuna suala la uaminifu. Wazee wa Usukumani waliowahi kushika gobore watanielewa. Gobore unalijaza mwenyewe kwa mkono: baruti, vipande vya chuma, fataki. Ukizidisha baruti mtutu unakupasukia usoni, ukipunguza mnyama anakugeukia. Hakuna mechi ya marudiano.

Bell hakujaza risasi zake mwenyewe, alinunua za kiwandani. Ila alizipima kwa ukali uleule. Aliwahi kuhamia bunduki kubwa kidogo, .318 ya Westley Richards. Bunduki ilikuwa nzuri, risasi zake ndizo zilimtia wasiwasi. Akaona haziaminiki, akarudi kwenye milimita 7.

Zile zilizobaki hakuzitupa. Inasimuliwa kwamba alizimalizia Ziwa Jipe, pale mpakani mwa Tanzania na Kenya, akitungua mnandi wakiwa angani. Waliomwona walidhani anatumia bunduki ya marisau. Kumbe ni risasi moja, ndege mmoja.

Hiyo shabaha haikushuka kutoka mbinguni. Alikuwa akitembea porini huku akilenga hiki na kile kwa bunduki tupu, kila siku, mpaka mkono na jicho vikawa kitu kimoja.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alijifunza urubani, na sehemu ya utumishi wake ilikuwa hapahapa Tanganyika, akiruka kupeleleza majeshi ya Wajerumani. Alitunukiwa nishani, akaandika vitabu, akastaafu kwao Scotland.

BAO LENYE MACHUNGU

Kwa hesabu yake mwenyewe, Bell aliua tembo 1,011, karibu wote madume, na kama 800 kati yao kwa ile bunduki ndogo.

Hapa ndipo shabiki wa mpira lazima anyamaze kidogo. Ukiwa golini unafunga, mpira unarudishwa kati, mchezo unaanza upya. Porini mpira haurudi kati. Bell na wenzake walifuata pembe kutoka bonde hadi bonde, na pale walipopita makundi makubwa ya madume wakongwe yalibaki hadithi. Usukumani kwetu tulikuwa na Bayege, chama cha wawindaji wa tembo. Leo vijana wengi wanaijua Bayege kama jina la ngoma tu.

Kuna na madhara mengine. Wengi walisikia habari za bunduki ndogo wakaiga, bila kulijua fuvu, bila mazoezi. Wakajeruhi tembo wakaenda kufia vichakani. Ndiyo maana kanuni za uwindaji katika nchi kadhaa za Afrika, yetu ikiwemo, zinadai bunduki isiyopungua .375 kwa wanyama wakubwa. Na biashara ya kimataifa ya pembe ikapigwa marufuku mwaka 1989.

Kwa hiyo wazee wa Samuye wameshinda ubishi, shabaha inaizidi nguvu. Bell ni shahidi wao, na hakuna wa kumpinga.

Ila wakae na swali hili pia wakati wanakunywa kahawa yao. Mtu alijua kila kitu kuhusu namna ya kufunga. Alijiuliza mapema kiasi gani ni lini mechi inatakiwa kuisha?