Kanoni Apolo Kivebulaya, Mgeni wa Mboga

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike habari za Mkristo mmoja mashuhuri wa zamani, ambaye vijana walioko shuleni sasa hawamfahamu sana na sisi tuliotangulia tumekwisha msahau. Nimemchagua Apolo Kivebulaya, na sababu yangu inatokana na kazi. Mimi ni mtumishi wa serikali, na kwa miaka ishirini nimehamishwa vituo vitano. Kila kituo, Jumapili ya kwanza, wageni husimamishwa kanisani wajitambulishe, hupigiwa makofi, kisha huketi. Lakini yako makanisa ambayo hata mwaka wa tatu mtu bado ni mgeni: kwenye michango huhesabiwa kuwa mwenyeji, ila ukifika uchaguzi wa wazee wa kanisa huulizwa kwao ni wapi. Wengi wetu tuliosoma shule hii tumetawanyika namna hiyo. Kwa hiyo nilipozisoma habari za Apolo nilikuwa natafuta jambo moja tu: mtu huanza lini kuwa wa mahali?

Alizaliwa yapata mwaka 1864 katika Singo, nchi ya Buganda. Alikuwa pacha, ndiyo maana jina lake la kwanza lilikuwa Waswa, jina ambalo Waganda humpa pacha wa kiume aliyetangulia kuzaliwa. Alilelewa katika dini ya wazee wake. Baadaye aliingia Uislamu, uliokuwa umefika Buganda pamoja na wafanya biashara wa pwani. Wamisionari wa CMS walifika mwaka 1877, Wakatoliki miaka miwili baadaye, na tangu hapo ua wa Kabaka ukawa mahali pa mabishano, kisha vita. Kijana wa siku zile alikuwa na dini tatu mlangoni pake, na kila moja ilikuwa na wakubwa wake na bunduki zake.

Apolo alimsikia Alexander Mackay, fundi na mwalimu yule Mskoti, akifundisha. Hakubatizwa. Mackay alifukuzwa Buganda, akafa Usambiro mwaka 1890, kusini mwa Ziwa Victoria, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, na Apolo alikuwa bado hajabatizwa. Alikuwa askari. Aliendelea kusoma pole pole, kwa maana Wakristo wa Buganda waliitwa wasomaji, na kusoma ndiko kulikokuwa mlango wa kuingilia. Hapa sisi wasemaji wa Kiswahili tunayo haki ya kujivuna kidogo, kwa sababu kabla maandiko hayajapigwa chapa ya kutosha kwa Kiluganda, wengi wa wasomaji wale wa kwanza walijifunza kwa vitabu vya Kiswahili.

Mwishoni mwa mwaka 1893 uamsho ulitokea katika kanisa la Buganda, na baada yake waalimu wengi walitumwa vijijini. Apolo alitoka katika wimbi hilo. Alibatizwa Januari 1895, akiwa amevuka miaka thelathini, akapewa jina la Apolo. Nasisitiza umri huo kwa makusudi. Tumezoea ushuhuda wa mtu aliyegeuka usiku mmoja, na kijana ambaye hajapata usiku kama huo hujiona ana upungufu. Huyu alichukua zaidi ya miaka kumi, akipitia dini mbili, jeshi na vita.

Jina la Kivebulaya alipewa na watu. Alipokuwa mwalimu alivaa koti jekundu la askari pamoja na kanzu yake, nao wakamwita kitu kilichotoka Ulaya, kwa kuwa Bulaya ya Waganda si nyingine ila Ulaya yetu. Lilikuwa jina la utani, nalo lilimshika mpaka kufa. Mimi naona limebeba shida yote ya Mkristo wa Kiafrika wa wakati ule: jirani zake walitazama koti, wakaamua kwamba na mtu aliyemo ndani ametoka ng'ambo.

Mwaka ule ule wa 1895 alitumwa Toro, magharibi. Mwaka uliofuata akavuka mto Semliki, nyuma ya milima ya Ruwenzori, akaingia Mboga, nchi ndogo ya wafugaji na wakulima iliyo kando ya msitu mkubwa wa Ituri. Waalimu wawili walikuwa wamemtangulia, wakarudi. Njaa iliwashinda, kwa sababu mtawala wa Mboga, Tabaro, aliwanyima chakula. Tabaro hakuwa mjinga. Alitambua kwamba mafundisho yale yangegusa wake zake, pombe yake na waganga wake, na kwamba mtu anayemtii Mungu mwingine atafika siku amkatalie mtawala wake. Akapiga marufuku watu kumlisha mwalimu mpya. Apolo akashika jembe, akalima shamba lake mwenyewe, akajenga nyumba kwa mikono yake. Mtu aliyeitwa kitu cha Ulaya akawa anakula jasho lake katika udongo wa Mboga, na wasomaji wachache wakaanza kumjia.

Kisha lilitokea jambo ambalo lingeweza kuwa mwisho wake. Dada yake Tabaro alijikwaa, akaangukia mkuki uliokuwa umelala majanini, karibu na mahali Apolo alipokuwa akijenga. Mkuki ule ukamchoma, akafa. Ulikuwa ajali, lakini kwa mtawala aliyekuwa akitafuta sababu, nini tena? Apolo alishtakiwa kwa kuua. Alipigwa, akafungwa minyororo, akapelekwa kwa miguu mpaka Fort Portal na kutiwa gerezani.

Ndugu zangu, hebu tuitazame hali yake. Wenyeji wa Mboga walikuwa wamemtoa. Serikali ya Waingereza, ambayo watu walidhani ndiyo yake kwa ajili ya koti lile, ilimfunga. Kwao Buganda kulikuwa mbali. Kama lipo lindi la kutokuwa wa popote, ndilo lile. Ni humo kifungoni, kwa ushuhuda wake mwenyewe, alipomwona Kristo aking'aa kama jua, akimwambia ajipe moyo kwa kuwa yuko pamoja naye. Sitajaribu kulieleza tukio hilo. Afisa wa serikali huzoea kuamini kilicho ndani ya jalada. Najua tu kwamba aliloambiwa halikuwa kwamba ataachiliwa, wala kwamba adui zake wataadhibiwa. Aliambiwa hayuko peke yake, na kuanzia hapo hatuoni tena dalili ya mtu anayehangaika kutafuta kwao.

Hakupatikana na hatia, akaachiliwa. Mtu mwingine angeomba uhamisho, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alirudi Mboga. Tabaro, aliyedhani habari za yule Mganda zimekwisha, akamwona anakuja tena kwa miguu yake. Naamini kurudi kule kulihubiri kupita mahubiri yote aliyokwisha kuyatoa. Baada ya muda mtawala mwenyewe aliomba kufundishwa, akabatizwa Paulo, na kulichagua jina la mtesi aliyegeuka kunaonyesha kwamba Tabaro aliisoma habari yake vizuri.

Miaka iliyofuata nitaipitia haraka. Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903, akafanya kazi Toro kwa muda mrefu. Hakuoa. Nyumba yake, hata hivyo, ilijaa watoto aliowalea, na popote alipokaa alipanda miti na mazao.

Wakati huo wakubwa wa Ulaya walikuwa wakichora ramani. Kwa mapatano yaliyoanza mwaka 1910, mpaka ulisogezwa, na kufikia mwaka 1915 Mboga ilikuwa imetolewa upande wa Waingereza na kutiwa Kongo ya Wabelgiji. Wakristo wa Mboga walilala katika nchi moja wakaamka katika nyingine, chini ya serikali iliyowapendelea wamisionari wa Kikatoliki, na kanisa lao mama likabaki ng'ambo ya mpaka. Apolo, aliyekuwa amekwisha pita miaka hamsini, aliona kwamba sasa ndipo wanamhitaji. Alikwenda kukaa nao moja kwa moja. Heshima ya kuwa Kanoni wa Namirembe aliipata mwaka 1922, lakini Namirembe ilibidi imfuate Mboga.

Mwaka 1921 alianza kuingia msituni kwa Wambuti, watu wa kimo kifupi ambao vitabu vya zamani viliwaita Mbilikimo. Alikuwa na umri ambao sisi wa leo tumekwisha staafu. Watu hawa walidharauliwa na jirani zao wote, hata na Wakristo. Apolo aliwaendea makambini mwao, akakaa nao, akajifunza maneno yao, na Injili ya Marko ikaanza kutiwa katika lugha yao. Baadhi yao walibatizwa kabla hajafa. Yeye aliyewahi kunyimwa chakula kwa ugeni wake hakutaka mtu mwingine aketi nje ya kanisa kwa sababu ya umbo lake.

Mwaka 1933 moyo ulimdhoofika. Alipelekwa hospitali ya Mengo, mahali palipokuwa na madaktari, rafiki na watu wa kabila lake. Akaomba arudishwe Mboga akafie huko, na akafa huko tarehe 30 Mei 1933. Alikuwa ameacha agizo juu ya kaburi. Desturi ilitaka maiti alazwe kichwa kikielekea kwao, yaani mashariki, Buganda. Yeye aliagiza kichwa chake kielekee magharibi, kwenye msitu wa Kongo, kwa sababu kazi ilikuwa inakwenda huko. Wakamzika hivyo.

Kanisa la Kianglikana la Kongo limetokana na shamba lile. Dayosisi ya kwanza, iliyoundwa mwaka 1972, ilichukua jina la Boga, kama Mboga inavyoandikwa siku hizi, na mwaka 1992 Kongo ikawa jimbo linalojitegemea. Ibada zake nyingi leo ni za Kiswahili. Amani haikudumu. Mwishoni mwa Mei 2021, siku zile zile ambazo Kanisa humkumbuka Apolo, watu wenye silaha waliingia Boga na kijiji jirani cha Tchabi wakaua makumi ya watu, na wengine wakayakimbia makazi yao. Askari wa Tanzania wamehudumu mashariki ya Kongo chini ya Umoja wa Mataifa tangu mwaka 2013. Kama yuko mmoja wetu aliyefika upande ule wa Ituri, tafadhali amwandikie mhariri. Ningependa kujua kaburi liko katika hali gani, na ni nani anayelipalilia.