Humphrey Bogart: Nahodha wa Mashua Kuukuu

Katika historia ya sinema duniani ni wachezaji wachache waliofikia sifa za Humphrey Bogart. Hata hivyo, si wengi wafahamuo kwamba tuzo kubwa kuliko zote alizopata ilitokana na kazi aliyoifanya katika nchi yetu ya Uganda na kwa jirani zetu wa Kongo.

Bogart alizaliwa New York tarehe 25 Desemba, 1899. Baba yake alikuwa daktari, na mama yake mchoraji wa picha. Mwaka 1918 alifukuzwa shule, akajiunga na jeshi la majini la Marekani. Baadaye aliingia katika michezo ya kuigiza. Kwa miaka mingi alipewa nafasi za majambazi tu, wale wauawao kabla ya sinema kwisha. Jina lake lilipanda mwaka 1941 katika The Maltese Falcon, filamu ya kwanza kuongozwa na John Huston, na mwaka uliofuata katika Casablanca.

Mwaka 1951 Huston huyo huyo alimleta Afrika kutengeneza The African Queen, kutokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Hadithi hiyo ya Vita Kuu ya Kwanza ina asili yake katika mapigano ya kweli baina ya Waingereza na Wajerumani katika Ziwa Tanganyika. Bogart alikuwa nahodha mlevi wa mashua ya mvuke, naye Katharine Hepburn mmisionari.

Kazi ilianza kando ya mto Ruiki, Kongo, kisha ikahamia Butiaba, Ziwa Albert, na Maporomoko ya Murchison. Siafu walivamia kambi, mashua ikazama ikabidi iopolewe, na maradhi ya tumbo yakawaangusha wengi. Hepburn aliugua sana. Bogart na Huston walisalimika, na ikasemwa kuwa ni kwa sababu walikunywa wiski badala ya maji. Huston alifurahia kuwinda porini; Bogart alinung'unika waziwazi, akitamani kwao. Mkewe, Lauren Bacall, aliyefuatana naye, alisaidia kuandaa chakula na kuuguza wagonjwa.

Filamu ilitolewa Marekani mwishoni mwa mwaka 1951, ikapokewa kwa shangwe. Machi 1952 Bogart alitunukiwa Oscar, akimshinda Marlon Brando. Ilikuwa ya kwanza kwake, na ya mwisho. Saratani ya umio ilimwua tarehe 14 Januari, 1957, akiwa na umri wa miaka 57.

Wahenga walinena kuwa mchumia juani hulia kivulini. Safari aliyoichukia ndiyo iliyompa Bogart heshima yake. Lakini Waafrika waliojenga kambi na kubeba mizigo walichumia jua lile lile, na kivuli hawakukiona. Atazamaye filamu hiyo leo na awakumbuke nao.